Fomu ya Chuo Kikuu: Tulikotoka Tangu Uhuru

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba wazee wetu hutusimulia bendera iliyopandishwa usiku, wimbo wa taifa, na mwenge uliowekwa juu ya Kilimanjaro. Ni hadithi nzuri na hatuchoki kuzisikia. Mwaka huu sisi wauguzi wa jumuiya tumeona tuandike juu ya kitu kidogo zaidi, kitu cha karatasi, ambacho nacho kina historia yake katika Uhuru wetu: fomu ya kuomba kujiunga na chuo kikuu.

Tumechagua jambo hili kwa sababu liko mezani katika nyumba zetu sasa hivi. Kuanzia Al Khuwair hadi Ghubra na Azaiba, na kwingineko humu Bawshar, kuna watoto wetu walio mwaka wa mwisho wa shule, na kuna wazazi wanaopiga hesabu ya riali usiku baada ya watoto kulala. Watoto wanadhani kuomba chuo kulianza na simu na tovuti. La hasha. Kuna historia ndefu nyuma yake, na anayeijua ataelewa kwa nini baba na mama wanaona uzito mahali ambapo yeye anaona vibonyezo tu.

Katika kila zama, fomu hiyo imeuliza mambo matatu: umesoma nini, nani atalipa, na utamrudishia nani. La kwanza halijabadilika sana. La pili na la tatu ndiyo historia yenyewe.

KABLA YA UHURU

Tanganyika na Zanzibar hazikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka elimu ya juu katika Afrika Mashariki yote alitazama Kampala, Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Kwa miaka mingi ilikuwa ya wanaume watupu. Wanawake wa kwanza, sita tu, waliingia mwaka 1945, na kwa sababu yao kaulimbiu ya chuo iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume ilibidi ibadilishwe.

Mwalimu Nyerere alipita huko kati ya 1943 na 1945 na kupata diploma ya ualimu. Baadaye, akiwa mwalimu Tabora, alipata ufadhili wa serikali ya kikoloni akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952. Tazameni njia yenyewe: diploma kwanza, kisha kazi, kisha maombi, kisha ng'ambo. Wauguzi wengi wanaosoma makala haya wataitambua njia hiyo kwa sababu ndiyo waliyopita wenyewe.

Wakati huo aliyelipa alikuwa serikali ya mkoloni au kanisa, na aliyelipa ndiye aliyechagua. Nafasi zilihesabika kwa vidole. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana walianza kutafuta mlango mwingine. Tom Mboya wa Kenya alizunguka Marekani akiomba vyuo vitoe nafasi na watu wa kawaida wachangie nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81, na kufikia 1963 waliokwenda kwa mpango huo walikaribia 800. Wengi walikuwa Wakenya, lakini Watanganyika na Waganda pia walikuwamo. Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, alikwenda Kansas mwaka 1960 kwa mlango huo huo.

Vijana wale waliomba kwa barua. Barua ilipigwa taipu, ikatiwa stempu, ikasafiri wiki kadhaa, na jibu likachukua wiki nyingine. Wengine walikubaliwa na chuo lakini hawakuwa na nauli, na hapo ndipo vijiji vilipochanga. Aliyeondoka kwa mchango wa kijiji alijua vizuri anadaiwa na nani.

OKTOBA 1961

Chuo chetu wenyewe kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru. Hakikuwa na majengo, kikaanza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964.

Kwa nini nchi maskini ilikimbilia kufungua chuo hata kabla bendera haijapandishwa? Mwalimu alilieleza mara nyingi. Kwa maelezo yake, Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi wawili na madaktari 12, na watu wazima 85 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Sisi tunaofanya kazi hospitali tunaisoma hesabu hiyo kwa namna yetu. Madaktari 12 hawatoshi zamu ya usiku ya hospitali moja kubwa, nao waligawiwa nchi nzima.

Mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu akiwa mkuu wake wa kwanza. Masomo yaligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Tanga aliyetaka kuwa daktari alisafiri hadi Kampala, na kijana wa Kampala aliyetaka kuwa mwanasheria aliteremka Dar. Mwaka huo huo Dar es Salaam ilianzisha shule yake ya udaktari, ile iliyokua ikawa Muhimbili tunayoijua. Muungano wa vyuo ulivunjika mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chake.

Kwa vijana wa zama hizo, swali la nani atalipa lilikuwa na jibu moja: serikali. Ada, chakula, malazi, vitabu, hata fedha kidogo ya mfukoni. Majina ya waliochaguliwa yalichapwa magazetini, na gazeti lilipita mkono kwa mkono hadi likachanika. Lakini swali la tatu lilikuwa linasubiri.

UTAMRUDISHIA NANI?

Swali hilo lililipuka tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa malipo pungufu. Wanafunzi wa chuo waliandamana hadi Ikulu. Waliona wamesoma, wanastahili mshahara wao. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400. Lakini hakuishia kwa wanafunzi. Alisema kama mishahara mikubwa ni tatizo, basi uanze wa kwake, akaukata kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Wazee wetu hawakubaliani hadi leo juu ya jambo hili. Wapo wanaosema vijana walionewa, na wapo wanaosema walihitaji kukumbushwa kwamba mkulima wa pamba ndiye aliyekuwa akiwalipia. Sisi tunaona pande zote mbili ziligusa jambo la kweli. Mtu aliyejinyima usingizi kwa ajili ya shahada ana haki ya kuona matunda yake, na aliyechangia shahada hiyo bila kuiona ana haki ya kuuliza imemfikia vipi.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Kuanzia hapo kijana hakuweza kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Alikwenda kwanza JKT, kisha akafanya kazi miaka miwili, kisha akaomba akiwa na barua ya mwajiri na ya chama kwamba tabia yake ni njema na anafaa. Umri wa darasa ukapanda. Walioingia walijua wanachokitaka, lakini wengine walipotea njiani, hasa wasichana, kwa kuwa miaka mitatu baada ya shule ni miaka ya posa na ya kulea. Idadi ya wanawake chuoni ilishuka, na haikuchukua muda serikali ikawaruhusu waombe moja kwa moja. Baadhi ya mama zetu walipata shahada kwa sababu ya ruhusa hiyo, na baadhi ya mama zetu hawakuipata kwa sababu ilichelewa.

ADA, MIKOPO NA KOMPYUTA

Miaka ya 1980 ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni, na serikali haikuweza tena kubeba kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kuchangia gharama, yaani mzazi naye atie mkono mfukoni. Chuo Kikuu Huria kilianza kufundisha mwaka 1994, kikafungua mlango kwa watu walio kazini, nao wengi walisomea mezani baada ya zamu. Vyuo vya binafsi vikaruhusiwa. Zanzibar nayo ilipata Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu mwaka 1998, na sheria ya kuanzisha SUZA ilipitishwa mwaka 1999. Kijana wa Unguja au Pemba akaweza kwa mara ya kwanza kusoma shahada na kurudi kulala kwao.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Hapo jibu la swali la tatu likaandikwa kwa tarakimu: utamrudishia Bodi, kwa makato ya mshahara, kila mwezi. Mwaka huo huo ilianza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwaka 2010 Tume ilileta mfumo mmoja wa kompyuta, mwombaji akajaza mara moja na kupanga vyuo kwa mapendeleo yake. Mwaka 2017 utaratibu ulirudi kwenye vyuo vyenyewe, na leo kila mwombaji huomba kwa kila chuo anachokitaka huku Tume ikisimamia sifa na ratiba.

Jambo la kupendeza ni kwamba Waingereza nao walianza kuunganisha maombi yao mwaka ule ule wa Uhuru wetu. Chombo chao cha pamoja kiliundwa 1961, na mwaka 1993 kikaungana na kingine kuwa UCAS, ambayo watoto wetu wanaosoma mtaala wa Cambridge wanaijua kwa jina.

UPANDE HUU WA BAHARI

Hapa Oman nako kuna historia inayotuhusu. Sultan Qaboos alipotwaa uongozi tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za kisasa, zote za wavulana. Ilihitaji walimu, makarani, wahandisi na wauguzi mara moja. Miongoni mwa walioitika wito wa kurudi walikuwa Waomani waliokulia Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, wakiwa na vyeti vya Makerere, Cairo, London na kwingineko. Ndiyo maana hadi leo mgonjwa mzee akiletwa wodini hapa Muscat, mara nyingi tunamsalimu "Shikamoo bibi" na yeye anaitika "Marahaba mwanangu" kabla daktari hajapata mkalimani.

Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1986. Hospitali ya Royal ilifunguliwa hapa Bawshar mwaka 1987. Mwaka 2005 kikaundwa kituo cha taifa cha udahili, nacho hupanga wanafunzi kwa kompyuta kulingana na alama za diploma ya elimu ya jumla. Kituo hicho kimsingi ni cha raia. Mtoto wa mhamiaji kwa kawaida huomba mwenyewe kwenye vyuo vya binafsi na kulipa ada kamili. Nchi imetupokea vizuri, lakini katika swali la nani atalipa, sisi tumerudi pale walipokuwa vijana wa 1959. Hakuna serikali inayotulipia, na Bodi ya Mikopo ya nyumbani hukopesha wanaosoma vyuo vya nyumbani.

SISI WAUGUZI

Tuseme kidogo juu ya fani yetu, kwa kuwa ndiyo tunayoijua vizuri. Kwa muda mrefu uuguzi nyumbani ulikuwa wa cheti na diploma, na shahada ya uuguzi Muhimbili ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata Uingereza, wauguzi walifunzwa kwa miongo mingi katika shule za hospitali, na ni mwaka 2013 tu ambapo England ilifanya shahada kuwa njia ya lazima kwa wanaoanza. Kwa hiyo wengi wetu wenye miaka arobaini na zaidi tuliomba shahada tukiwa tayari tunavaa sare. Tulijaza fomu katika mapumziko ya zamu ya usiku. Tulimwomba metroni barua. Tulifanya mtihani wa Kiingereza uliogharimu karibu mshahara wa mwezi. Tuliacha watoto kwa bibi zao, tukaenda kusoma ng'ambo pamoja na vijana waliozaliwa wakati sisi tuko sekondari.

Tulipoomba kazi Ghuba ndipo tulipojifunza kwamba maombi ya chuo hayaishi siku ya kupokelewa. Hapa kila cheti huhakikiwa kwenye chanzo chake. Chuo huandikiwa, baraza la wauguzi huandikiwa, mwajiri wa zamani huandikiwa, kisha unakaa kwenye mtihani wa leseni. Tumewaona wenzetu wenye mikono mizuri ya kazi wakikwama miezi kwa sababu jina kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la pasi, au kwa sababu chuo walichosoma hakijibu barua. Kinachojazwa katika fomu ukiwa na miaka 18 kitaulizwa tena ukiwa na miaka 40, katika nchi ambayo leo huifikirii.

KWA WATOTO WETU, NA KWA WAZAZI WENZETU

Kutokana na historia hiyo tunapenda kusema machache.

Kwanza, jueni mtaala wenu unawafungulia mlango gani. Anayesoma Cambridge au shule ya Kihindi hapa Muscat na anataka kuomba chuo nyumbani, matokeo yake yanapaswa kulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Kiwango cha chini cha TCU kwa wanaotoka kidato cha sita ni masomo mawili ya kiwango cha juu yenye jumla ya pointi nne, na fani za afya hudai zaidi, hasa Kemia na Biolojia. Mwenye diploma naye ana njia yake kwa wastani wa alama, kwa hiyo asidhani mlango umefungwa.

Pili, tazameni kalenda. Matokeo ya kidato cha sita nyumbani hutoka Julai na dirisha la kwanza la maombi hufunguliwa karibu na hapo. Matokeo ya Cambridge ya mtihani wa Mei na Juni hutoka Agosti. Mtoto wetu anaanza mbio wenzake wakiwa wameshaondoka. Andaeni vyeti vyote mapema, muulizeni chuo kwa maandishi kama atapokelewa duru la pili, na msingoje hadi Septemba.

Tatu, hakikisheni chuo kinatambuliwa, na nchi mnayokwenda na nchi mnayotaka kufanyia kazi. Wakala anayeahidi nafasi bila kuuliza alama za mtoto anauza kitu kingine, si elimu. Mwambieni aonyeshe jina la chuo katika orodha ya mamlaka ya nchi husika. Akianza kuzunguka, mwageni kwaheri.

Nne, majina. Jina moja katika cheti cha kuzaliwa, pasi na vyeti vya shule. Hapa Oman jina hubeba la baba na babu na ukoo, nyumbani shule huandika mawili au matatu. Kulirekebisha leo, mtoto akiwa darasa la tisa, ni safari moja ya ofisi. Miaka ishirini baadaye ni wakili na viapo.

Tano, na hili ni la wazazi: zungumzeni waziwazi juu ya fedha kabla fomu haijajazwa. Mtoto anayejua kwamba mwaka mmoja wa ada ni sawa na miezi mingapi ya mshahara wa baba yake hachagui kozi kwa sababu rafiki yake ameichagua. Hatusemi abebeshwe lawama. Tunasema aheshimiwe kwa kuambiwa ukweli. Na akitaka kwenda kusoma Dar es Salaam au Unguja, asichukuliwe kwamba ameshindwa kupata kwingine. Chuo kilichoanza na kitivo kimoja katika jengo la kuazima kimetoa majaji, madaktari na marais.

Linabaki lile swali la tatu. Nyinyi mtamrudishia nani? Hamkuchangiwa pamba wala kahawa, hamna deni la Bodi, na hakuna atakayewatuma JKT kutoka Bawshar. Lakini mnaposaini fomu, kuna majina ambayo hayana nafasi ya kuandikwa: bibi aliyewalea wenzenu ili mama asome, baba anayeunganisha zamu mbili, mwalimu wa madrasa aliyewafundisha kuketi na kusoma. Hatuwaambii lazima mrudi kuishi nyumbani, maana sisi wenyewe tuko huku. Tunawaomba elimu yenu imfikie mtu mmoja zaidi yenu. Mlipie ada mdogo wenu mmoja. Fundisheni kwa likizo moja. Msaidieni mtoto wa jirani kujaza fomu yake kwa Kiswahili anachokielewa.

Na jumuiya yetu ina wauguzi, walimu, wahasibu na mafundi waliopita milango yote iliyotajwa hapa. Baada ya sherehe, msione haya kutushika mkono na kuuliza. Njooni na vyeti vyenu katika faili, nasi tutaketi nanyi tukague jina kwa jina na tarehe kwa tarehe.

Tunawatakia nyote heri ya Siku ya Uhuru.